Filta za kamera kando ya Ziwa Victoria: mwongozo kamili wa kuzichagua na kuzitumia

Simama ufukweni Igombe, Mwanza, saa 4 asubuhi, jua limeshapanda, utazame ziwa. Halionekani kama maji. Linaonekana kama bati jipya: mng'ao mweupe unaoumiza macho, na mitumbwi imegeuka vivuli vyeusi. Ukipiga picha hivyo hivyo, utarudi nyumbani na picha ya bati.

Nimezunguka na kamera kandokando ya Ghuba ya Mwanza kwa miaka kadhaa, kuanzia Kayenze hadi Luchelele, na leo mtu akiniuliza anunue filta gani, namtajia mbili tu: polaraiza, inayoondoa mng'ao, na ND, kioo cha kijivu kinachopunguza mwanga. Nyingine zote zinaweza kusubiri. Sababu ni kwamba filta hufanya kazi kabla mwanga haujafika kwenye sensa, yaani sehemu ya kamera inayorekodi picha. Rangi ikikosewa kidogo, utairekebisha kwenye kompyuta jioni. Lakini mng'ao ukishalifunika jiwe lililo chini ya maji, kamera haikuliona jiwe hilo kabisa, na huwezi kufukua baadaye kitu ambacho hakikurekodiwa. Filta inayostahili pesa yako ni ile inayofanya kazi ambayo kompyuta haiwezi.

Filta yenyewe ni kioo au plastiki inayokaa mbele ya lenzi na kuzuia sehemu ya mwanga. Kuna inayochagua kwa rangi, kuna inayopunguza kiasi bila kubagua rangi, na kuna inayochagua kwa mwelekeo ambao mawimbi ya mwanga yanatikisika. Hii ya mwisho ndiyo polaraiza, na kwa sisi tunaopiga picha kando ya maji, ndiyo ya kuanza nayo.

Polaraiza inafanyaje kazi

Chukua kamba, ipitishe katikati ya fito mbili za ua zilizosimama, mwenzako ashike upande wa pili. Ukiitikisa kamba juu na chini, wimbi linapita. Ukiitikisa kushoto na kulia, linagonga fito na kufa hapo hapo. Mwanga wa jua unakuja ukitikisika pande zote kwa pamoja. Ukigonga uso wa maji, jani la mgomba au kioo cha gari na kuakisiwa, sehemu kubwa ya mwanga unaorudi inatikisika sambamba na uso huo; kwa maji, ni kwa mlalo. Polaraiza ni ule ua wa fito. Ukiizungusha hadi fito zisimame, mwanga uliolala unazuiwa, na mng'ao unapotea huku kile kilichokuwa chini yake kikijitokeza.

Jambo hili liligunduliwa mwaka 1808, pale Mfaransa Étienne-Louis Malus alipochungulia kwa kipande cha fuwele mwanga wa jua ulioakisiwa na madirisha ya kasri la Luxembourg jijini Paris, akaona mwanga huo unabadilika kadiri anavyokizungusha. Filta tunazozifunga leo zinatokana na karatasi ya plastiki iliyobuniwa na Mmarekani Edwin Land mwishoni mwa miaka ya 1920.

Dukani utaona maandishi CPL. Maana yake ni polaraiza ya mviringo, na mviringo huo si umbo la kioo. Nyuma ya ule ua wa fito kuna tabaka jingine linaloufanya mwanga uliopita uwe unazunguka, kwa sababu kamera za DSLR zina kioo cha ndani kinachogawa mwanga kwenda kwenye vipimo vya mwanga na vya fokasi (ukali wa picha), na vipimo hivyo hudanganyika kioo kikipokea mwanga wa mwelekeo mmoja. Nunua CPL, itafanya kazi kwenye kamera yoyote.

Usilipe kabla ya kuijaribu

Polaraiza yangu ya kwanza niliinunua katika duka moja mjini. Kioo kilikuwa cheusi kidogo, pete inazunguka vizuri, kiboksi kizuri. Nilikwenda nayo ziwani nikaizungusha asubuhi nzima bila kuona tofauti yoyote. Kilikuwa kioo cheusi tu. Iliniuma, kwa kuwa nilikuwa nimejinyima ili niinunue.

Kuna njia ya kujikinga, na haihitaji chochote ambacho hakipo kaunta. Omba kikokotoo, kile cha kupigia hesabu. Kioo chake cha tarakimu tayari kina tabaka la polaraiza. Shika filta mbele ya jicho kama vile jicho lako ndiyo kamera, yaani upande wenye nyuzi za kufungia ukuelekee wewe, kisha itazame ile skrini huku ukizungusha pete. Filta halisi itafika mahali skrini yote inakuwa nyeusi tii, tarakimu hazisomeki, halafu ukiendelea robo ya mzunguko inang'aa tena. Ikibaki vile vile mzunguko mzima, rudisha. Skrini ya laptopu pia inafaa. Simu haiaminiki kwa jaribio hili, maana baadhi zimewekewa tabaka la kuzuia giza hilo ili watu wenye miwani ya jua waweze kusoma.

Kabla hujaondoka angalia kipimo. Mbele ya lenzi au kwenye kifuniko chake kuna alama ya duara lenye mstari na namba: 52, 58, 67, 77 na kadhalika. Hicho ni kipenyo kwa milimita. Kama una lenzi tatu za vipimo tofauti, nunua filta moja ya kipimo kikubwa kuliko zote, halafu nunua pete za kuunganishia kwa zile ndogo. Pete ni bei rahisi sana ukilinganisha na kioo.

Kuitumia: anza na jua

Wengi wanaifunga polaraiza, wanaizungusha, wanashangaa kwa nini leo inafanya kazi na jana haikufanya. Jibu liko angani. Bluu ya anga ni mwanga wa jua uliotawanywa na hewa, na mwanga huo una mwelekeo mmoja zaidi pale palipo nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Nyoosha kidole cha shahada kielekee jua, simamisha kidole gumba kama alama ya L, kisha zungusha kifundo cha mkono huku kidole cha shahada kikibaki kwenye jua. Kote ambako gumba linapitia ndiko anga litakapokolea.

Sasa lilete hilo Mwanza. Asubuhi jua liko mashariki, jioni liko magharibi, kwa hiyo nyakati hizo anga linakolea ukielekea kaskazini au kusini. Ukiwa Capri Point saa 2 asubuhi, ukapiga kusini kwa kufuata mwambao kuelekea Nyegezi, utapata bluu nzito. Mchana, jua letu linapokuwa karibu utosini, ukanda wa nyuzi 90 unashuka hadi kwenye upeo wa macho pande zote, na anga lililo nyuma ya vilima vya mawe linakolea popote utakapogeukia. Vitabu vingi vya nchi za baridi husema mchana hakuna picha. Kwetu, mwenye polaraiza ana picha. Lakini machweo ya magharibi ng'ambo ya ghuba, ambayo kila mtu anayapiga, hayapati faida ya anga kutoka kwa filta hii. Itakupunguzia mwanga bure. Ivue.

Maji yana hesabu yake. Mng'ao unazimika vizuri zaidi pale unapoyatazama maji kwa mteremko wa karibu nyuzi 37 kutoka usoni mwake. Mtu mzima aliyesimama ukingoni, kamera ikiwa jichoni kama mita 1.6 kutoka kwenye maji, hilo linaangukia mita mbili hivi mbele ya miguu yake. Hapo ndipo kokoto na samaki wadogo watakapoonekana. Maji ya mbali kabisa yatapungua mng'ao kidogo tu, na maji yaliyo chini ya kidole cha mguu hayabadiliki karibu hata kidogo. Ukitaka kuona chini mbali zaidi, panda juu ya jiwe, na mawe hatujanyimwa.

Siku moja nilikuwa nazungusha filta ukingoni, mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa juani akaja kusimama nyuma yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hicho kioo unakizungusha cha nini?"

Nikakifungua kwenye lenzi nikampa. Akakiweka jichoni, akatazama maji, nikamwambia azungushe pole pole. Alikaa kimya. Halafu akasema, "Ee, kumbe mawe yako hapa hapa!" Akakitoa, akaangalia tena kwa macho matupu, akakirudisha. Mimi mwenyewe sikuwahi kuielewa filta hii vizuri kama nilivyoielewa nikiutazama uso wake.

Zungusha taratibu namna hiyo hiyo. Katika mzunguko mzima utapita mara mbili kwenye nguvu kamili na mara mbili kwenye sifuri, na nguvu kamili si lazima iwe ndiyo nzuri. Maji yasiyo na mng'ao hata chembe huonekana kama udongo mweusi, hasa yakiwa na magugu maji, kwa hiyo mara nyingi narudisha nyuma kidogo ili ubakie mstari mwembamba wa mwanga unaosema haya ni maji. Ukigeuza kamera kutoka mlalo kwenda wima, zungusha upya, maana fito nazo zimegeuka. Kumbuka pia kwamba filta inakula stopu moja hadi mbili za mwanga; kila stopu ni mwanga kupungua kwa nusu. Ukiwa kwenye mtumbwi unaoyumba, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, usije ukapata picha iliyotikisika.

Mambo manne yatakusumbua. Lenzi pana, yaani ya urefu wa fokasi chini ya milimita 24 (si kipenyo cha filta), inaona kipande kikubwa mno cha anga, kwa hiyo sehemu moja itakuwa bluu nyeusi na nyingine nyeupe ndani ya picha hiyo hiyo. Bati tupu haliitikii, kwa sababu mng'ao wa chuma kitupu haupangwi mwelekeo kama wa maji, ingawa bati lililopakwa rangi linaitikia. Upinde wa mvua unaweza kufutika wote ukizungusha vibaya, na nimeona mtu akiupoteza akidhani umetoweka wenyewe. Na ngozi ya mtu ikikosa mng'ao wote inakufa, hasa ngozi zetu nyeusi ambazo mng'ao ndio unaochora mashavu na paji la uso.

Mwenye simu tu naye asiachwe. Miwani ya jua ya polaraizi, kioo kimoja kikishikwa mbele ya lenzi ya simu, inafanya kazi hiyo hiyo. Izungushe kama filta huku ukiangalia skrini.

ND: kununua muda

ND ni kioo cha kijivu. Hakibagui rangi, kinapunguza mwanga wote, na faida yake ni kwamba unaweza kuacha shata, pazia la kamera linalopitisha mwanga, wazi kwa sekunde nyingi hata kabla giza halijaingia. Mawimbi yanakuwa ukungu, mawingu yanakuwa michirizi, kivuko kinachopita kinayeyuka.

Majina yake yanachanganya. ND8 inapitisha sehemu moja kati ya nane, yaani inapunguza stopu 3. ND64 ni stopu 6, na ND1000 ni stopu 10. Watengenezaji wengine wanaandika uzito wa kioo badala yake: 0.3 kwa kila stopu, kwa hiyo 0.9 ni ile ile ND8, 1.8 ni ND64 na 3.0 ni ND1000. Ukinunua moja, nunua ND64. ND1000 ni nzuri, ila jua letu linazama haraka mno kwake, kama nitakavyoeleza.

Twende Jiwe la Bismarck, lile jiwe maarufu lililo majini mjini Mwanza, pale karibu na kivuko cha Kamanga. Mwaka mzima jua linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache jioni. Fika saa 11 na nusu. Ukitaka kuingia majini ili upate pembe nzuri, vaa gambuti ndefu, kwa sababu kichocho kipo ziwani na picha haina thamani ya ugonjwa.

Funga kamera kwenye tripodi na ning'iniza begi katikati ili upepo wa ziwani usiitikise. Zima kidhibiti mtikisiko cha lenzi. Weka ISO 100 na f/11 (ukubwa wa tundu la lenzi), panga fremu, tafuta fokasi kwenye jiwe, kisha hamisha swichi ya fokasi iwe ya mkono. Hatua hii usiiruke: ukishafunga kioo cheusi, kamera haioni, itahangaika mbele na nyuma na kuharibu kila kitu. Pima mwanga bila filta. Tuseme kamera imekwambia 1/60 ya sekunde.

Sasa hesabu. Kila stopu ni kuzidisha muda mara mbili. Kwa stopu 6 unahesabu: 1/30, 1/15, 1/8, 1/4, 1/2, sekunde 1. Kwa ND1000 unaendelea mara nne: 2, 4, 8, sekunde 16. Andika namba hizo kwenye karatasi uiweke kwenye begi, maana jioni, mbu wakiwa wameanza, kichwa hakihesabu. Weka kamera kwenye hali ya M, ile ya kupanga kila kitu kwa mkono, ingiza muda uliopata, funga filta kwa mikono myepesi ili usiguse pete ya fokasi, kisha piga kwa rimoti au kwa taima ya sekunde 2. Kama ni DSLR, ziba kitundu cha kuchungulia kwa kitambaa cheusi, kwa kuwa mwanga unaoingia kwa nyuma huchafua picha ya muda mrefu.

Angalia histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha mgawanyo wa mwanga na giza, rekebisha, piga tena. Piga faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, kwa sababu ND za bei nafuu huacha rangi ya kahawia au zambarau inayosafishika kwa urahisi ukiwa na RAW.

Na hapa ndipo jiografia inapoingia. Tuko nyuzi 2 na nusu hivi kusini mwa ikweta. Jua linashuka karibu wima, nyuzi moja kwa kila dakika nne, na likishagusa maji linachukua dakika mbili tu kutoweka. Baada ya hapo una kama dakika 20 za mwanga wa kufaa. Ukianzisha picha ya dakika tatu wakati huo, mwanga uliopima mwanzoni sio utakaokuwepo mwishoni, na picha itatoka na giza. Jua likishazama, ongeza muda kwa nusu zaidi ya hesabu, na kila baada ya picha vua filta upime upya. Ndiyo maana ND64 inanifaa zaidi: sekunde mbili, nne au nane, maji yanalainika lakini bado yana umbo, na napata picha kumi badala ya tatu.

ND yenye mteremko ni nusu kijivu, nusu wazi, ya kulitia giza anga peke yake. Ziwa lina upeo ulionyooka kama rula, kwa hiyo ungedhani aina ya mpaka mkali ndiyo yetu. Lakini mawe yetu yanapanda juu ya upeo, na mpaka mkali utakikata kichwa cha Bismarck kiwe cheusi. Chukua yenye mpaka laini, stopu 2. Tahadhari moja: anga katika maisha halisi linang'aa kuliko akisi yake majini. Ukilizidishia giza, maji yatang'aa kuliko anga, na mtazamaji atahisi kitu hakiko sawa hata kama hajui ni nini. Kama huna filta hii, piga picha mbili kwenye tripodi, moja kwa ajili ya anga na moja kwa ajili ya maji, uziunganishe baadaye.

Wapiga video wanapenda ND ya kubadilika, na wana haki: kwa fremu 25 kwa sekunde unataka shata ibaki 1/50, na jua la mchana halikuruhusu. Kioo hicho ni polaraiza mbili zilizopandana. Zikielekea pamoja, mwanga unapita. Zikipishana kwa nyuzi 45, unapita nusu yake. Zikikaribia nyuzi 90, karibu wote unazuiwa. Usiipeleke hadi mwisho. Msalaba mweusi kama herufi X utatokea katikati ya picha, hasa kwenye lenzi pana.

Hizi nyingine

Filta ya UV wauzaji wataisifia kwamba inakata ukungu. Enzi za filamu ilisaidia. Sensa ya kidijitali tayari ina kioo chake cha kuzuia mwanga huo, kwa hiyo leo UV ni ngao tu: dhidi ya mchanga, matone, vidole vya watoto. Kazi hiyo inatosha kuihalalisha. Ila ivue usiku. Kila uso wa kioo kisichopakwa dawa unarudisha karibu asilimia 4 ya mwanga, na ukipiga taa za wavuvi wa dagaa gizani, mwanga wa taa hizo unadunda kati ya filta na sensa na kuacha taa za uongo, zimegeuka juu chini, upande wa pili wa picha. Ukiona taa inaelea angani juu ya ziwa, chanzo ni hicho.

Filta za rangi ni kwa wanaopiga filamu ya nyeusi na nyeupe: nyekundu inatia anga giza na kung'arisha ngozi, njano inafanya kidogo ya hayo, kijani inang'arisha majani. Kwenye kamera ya kidijitali fanya hivyo kwenye programu.

Kusafisha na kufungua

Mchanga wa ziwani ni chembe za matale, yaani mawe magumu yale yale yaliyojaa mjini, na unakwaruza kioo. Puliza kwanza kwa pampu ya mpira, usifute. Kisha pumua juu ya kioo, futa kwa kitambaa laini cha lenzi kwa duara kutoka katikati kwenda nje. Fulana uliyovaa imejaa chumvi ya jasho, iache. Polaraiza usiiache kwenye dashibodi ya gari juani, tabaka lake ni plastiki iliyogandishwa katikati ya vioo viwili na joto linaiharibu.

Filta ikikwama kwenye lenzi, kosa la kwanza ni kuibana kwa nguvu. Ukiibana, pete inakuwa yai na inakaza zaidi. Nenda kwa fundi baiskeli, omba kipande cha tyubu kuukuu, kikate utepe wa upana wa kidole kimoja. Uzungushe kwenye pete ya filta, weka kiganja bapa bila kubana, kisha sukuma kinyume cha saa kwa uzito wa mkono tu. Itaachia. Utepe huo uweke ndani ya begi pamoja na ile karatasi ya hesabu.